Maji ya Kijichoni

Jumanne, 2 Machi 1943

Mpira wa nyuma umetoboka tena, pale kwenye mteremko wa kushukia Mtongwe. Mara ya tatu tangu mwaka uanze. Gundi ya kuzibia imekwisha na madukani hakuna, kila kitu ni vita. Nimeikokota baiskeli mpaka Kijichoni. Nimefika saa nne badala ya saa mbili.

Kazi ni ile ile. Vyoo, visima, takataka, daftari. Chemchemi haina neno. Maji yanatoka chini ya jabali kama kawaida yake, ya baridi, meupe, hata kiangazi hiki ambacho visima vya Likoni vyote vimegeuka chumvi. Wanawake walikuwa wamepanga mitungi kwenye ngazi. Bi Mwanakombo, mwenye nyumba yetu, asema babu wa babu yake ndiye aliyezichonga ngazi zile, na kabla yake watu wakiteremka kwa kamba. Sijui. Lakini ni za kale kweli. Kila daraja limelika katikati kwa nyayo.

Nimejaza chupa mbili za kupimwa. Zitavuka na feri kesho kwenda maabara ng'ambo. Sikuambiwa sababu. Mwaka wa nne huu niko Likoni na hakuna aliyewahi kutaka maji ya Kijichoni yapimwe.

Alhamisi, 11 Machi

Nimewaongoza Wazungu wawili wa kambi ya jeshi mpaka chemchemi. Walikuwa na baiskeli mpya, mimi nyuma yao na hii yangu inayolia. Mmoja mkono wake wa kushoto umekauka kwa jeraha. Wamepapenda sana. Walipiga picha ngazi, walipiga picha ule ukuta wa chokaa, walizunguka msituni wakihesabu hatua na kuandika kwenye ramani.

Kisha wakavua viatu wakaosha miguu ndani ya birika, pale pale wanawake wanapotekea. Wanawake walisimama juu wakingoja wamalize. Mwanasha, binti wa Bi Mwanakombo, alinitazama. Kusema ndiyo kazi yangu. Bwana afya ni mimi. Sikusema.

Jumatatu, 15 Machi

Jibu la maabara limekuja. Maji safi, yafaa kunywewa. Mistari miwili na muhuri.

Mkubwa wangu aliniita kabla sijaliweka kwenye faili. Alinikalisha kitini, jambo ambalo si kawaida yake. Kijichoni patafanywa bustani ya mapumziko kwa maofisa na wagonjwa wao wanaopata nafuu. Njia ya kutembea chini ya miti, njia ya baiskeli kuzunguka jabali lote, viti vya kupumzikia. Mahali pa kale, asema, pahifadhiwe. Wenyeji watatumia kisima cha machimboni. Ila watu hawawezi kukatazwa maji hivi hivi, watapiga kelele mpaka kwa wakubwa zaidi. Inatakiwa ripoti kwamba maji yale hayafai. Ripoti ya bwana afya mwenyewe, mtu wanayemjua.

Nikasema jibu la maabara ni jingine. Akalisukuma lile jibu kwangu kwa kidole, akasema karatasi nyingi hupotea katika vita.

Halafu akaniuliza kama bado nataka kwenda Nairobi, kwenye mafunzo ya mwaka mzima. Nimeyaomba mara tatu. Hakuunganisha maneno haya mawili. Aliyasema moja baada ya jingine tu.

Jumanne, 16 Machi

Nimeandika. Nusu ukurasa. Nimetia sahihi.

Lile jibu la maabara sikulichana. Nimelitia ndani ya Biblia, katika Mambo ya Nyakati, ambako mke wangu Rahel hasomi. Kwa nini nimeliweka, sijui.

Jumamosi, 27 Machi

Baraza chini ya banda la chifu. Nimesimama nikasoma. Maji ya Kijichoni yana vijidudu, chemchemi itafungwa kwa usalama wa watu. Sauti haikutetemeka. Hilo limenishangaza.

Wanaume walinung'unika kidogo. Aliyesimama ni Bi Mwanakombo, na buibui lake, akaomba ruhusa kwa chifu ya kuuliza neno moja.

"Mwanangu Stefano, miaka minne wanywa maji haya nyumbani kwangu. Umepata kuumwa na tumbo?"

"Sijapata, Bi."

"Basi uchafu huo umeingia lini?"

Nikamwambia uchafu huu hauonekani kwa macho, unaonekana kwa kipimo tu. Kisha akawaambia wenzake kwamba mimi nimesomea mambo haya na sina sababu ya kuwadanganya. Akakaa.

Laiti angenitukana.

Alhamisi, 1 Aprili

Seng'enge imefungwa leo. Nyuzi tano, na lango lenye askari. Wanawake walikuja asubuhi na mitungi yao, wakaona, wakageuka. Walipanda kilima kwenda machimboni.

Kisima cha machimboni nakijua. Ni shimo lililobaki walipochimba mawe, limejaa maji ya mvua na ya chini. Juu yake, mwendo wa dakika tatu, ndiko kambi ya vibarua wa mawe. Vyoo vyao ni mashimo mafupi kwa sababu chini ni jabali. Niliandika habari za vyoo vile mwaka jana. Hakuna aliyejibu.

Mkubwa ameahidi dawa ya maji, ile poda nyeupe. Nitaitia kila Jumatatu mimi mwenyewe. Ikitiwa sawasawa haina hatari. Nimejiambia hivyo njia nzima.

Jumapili, 4 Aprili

Baada ya kanisa nimepita Kijichoni. Askari ananijua, nina pasi ya ukaguzi. Nimejaza debe moja nikalifunga nyuma ya baiskeli kwa kamba ya katani. Rahel ameuliza maji ni ya wapi. Nimemwambia ya birika la ofisi.

Miaka saba ya ndoa. Sikumbuki kumwambia uongo kabla ya leo.

Jumatatu, 19 Aprili

Mvua siku ya tano. Njia za udongo zimekuwa tope, lakini njia mpya za bustani haziharibiki, zimemwagiwa changarawe ya matumbawe na kushindiliwa. Ni mimi niliyepigilia vigingi vyake. Njia ya baiskeli yazunguka jabali, yashuka taratibu hadi ukingoni mwa mkono wa bahari, yapanda tena chini ya miti ya mbambakofi. Nimeizunguka mara mbili leo, kuikagua. Mara ya pili haikuwa ya kukagua. Ni njia nzuri kuliko zote nilizowahi kupita. Nimefurahi kama mtoto, kisha nikajichukia.

Poda imekwisha tangu juma lililopita. Nimeandika barua. Jibu: meli haijafika.

Jumatatu, 3 Mei

Kibarua mmoja machimboni ana homa ya siku kumi, tumbo limevimba, anaweweseka. Nimemwandikia cheti cha hospitali. Wenzake walimbeba kwa machela hadi feri.

Nimekitazama kile kisima. Maji ya mvua yanatiririka kutoka juu, kwenye vyoo, yanaingia moja kwa moja. Unaweza kuufuata mkondo wake kwa macho. Nimesimama pale na daftari nikauchora.

Poda hakuna.

Jumamosi, 8 Mei

Bustani imefunguliwa. Nimeagizwa kuvaa sare na kusimama karibu na lango. Mabibi wa Kizungu na kofia zao, maofisa, santuri ikiimba, chai kwenye meza ndefu. Wagonjwa wawili walisukumwa kwa viti vya magurudumu kwenye ile njia laini. Mmoja ni kijana sana, hana miguu. Aliomba apelekwe mpaka kwenye maji, akachovya mkono, akakaa hivyo kitambo. Siwezi kumchukia huyo. Ningetaka.

Bibi mmoja alizunguka kwa baiskeli akasimama kuniuliza maji yale yanafaa kunywewa. Mkubwa wangu alikuwa hatua mbili kutoka kwangu. Nikamwambia ndiyo, bibi. Akanywa kwa kiganja, akasifu.

Jioni nimesikia yule kibarua amefia ng'ambo.

Jumatano, 12 Mei

Wagonjwa sita sasa. Wanne kambini kwa vibarua, wawili mtaani kwetu. Mmoja wa hao wawili ni Mwanasha.

Ana miaka kumi na tisa. Mumewe yuko vitani Bara Hindi, hata barua zake tatu alizompelekea hajui kama zilifika. Yeye na Rahel wamekuwa kama ndugu. Wanasuka ukili pamoja barazani, wanacheka mambo ambayo nikitokea wanayanyamazia. Rahel amekuwa kwake tangu asubuhi, kumkanda kwa maji na kufua nguo zake.

Nimewaambia wachemshe maji yote. Bi Mwanakombo alinionyesha kuni. Zimelowa, zinatoa moshi tu. Makaa hayapatikani. Nyumba nyingine watu wanapanga foleni ya unga tangu alfajiri, nani ana nafasi ya kuchemsha maji.

Ijumaa, 14 Mei

Rahel amejua.

Mwanamke mmoja alikuwa akikata kuni kando ya seng'enge, akaniona nikijaza debe. Ameyasema kisimani mbele ya wote. Wakamwuliza Rahel.

Niliporudi nilimkuta amekaa mkekani, debe liko mbele yake. Hakupandisha sauti.

"Haya maji ni machafu au si machafu?"

"Si machafu."

"Tangu lini wajua?"

Nikamwambia yote. Maabara, mkubwa, Nairobi. Nilipotaja Nairobi alifumba macho. Kisha akajitwika lile debe akalipeleka chumba cha pili kwa Mwanasha. Akarudi akachukua mtungi mtupu, akaenda machimboni kama wengine.

Nimemkimbilia njiani nikamsihi asinywe yale. Amesema hawezi kukaa kwenye foleni na wenzake huku tumboni ana maji ya kufichwa. Nimemwambia huo si wema, ni wazimu. Amesema huenda.

Jumatatu, 17 Mei

Nimekwenda kwa mkubwa. Nimemwomba lango lifunguliwe, hata saa moja kila siku. Nimemwambia watu wanakufa.

Hakukasirika. Aliniuliza, kama mtu anayemsaidia mwanafunzi hesabu: tukisema leo kwamba maji yale ni safi, nani aliandika kwamba ni machafu? Akalifungua faili, akanionyesha sahihi yangu.

Amesema barua yangu ya Nairobi imekwisha kupelekwa. Nijiandae kwa mwezi wa Agosti.

Nilitoka nikasahau baiskeli. Nimeikumbuka nikiwa nimefika kivukoni.

Jumanne, 18 Mei

Nimepeleka madebe mawili kwa Mwanasha. Askari amenikataza la tatu. Anasema ameambiwa.

Jumatatu, 24 Mei

Debe moja tu kwa siku, na pasi yangu itakwisha mwisho wa mwezi ujao. Mitaa miwili inahitaji mamia. Natia ndoo ya maji baharini.

Mwanasha hamjui mtu. Anamwita mumewe. Anashika ncha za shuka, anazivuta, anazivuta. Nimekwisha kuona wagonjwa wakifanya hivyo. Sikumwambia mama yake.

Bi Mwanakombo bado ananikaribisha chai. Maneno ya kisimani lazima yamemfikia. Hajaniuliza. Namkwepa.

Jumapili, 30 Mei

Mwanasha amefariki asubuhi, kabla ya saa mbili. Amezikwa alasiri.

Wanaume wamenipisha nishike jeneza kwa hatua chache kama wengine. Hakuna aliyenizuia. Bega langu linauma mpaka sasa, na lilikuwa jepesi lile jeneza.

Jumatano, 2 Juni

Rahel ana homa.

Ijumaa, 4 Juni

Haishuki. Kichwa, mgongo, ulimi umekauka na kufanya ukoko. Ni ile ile. Sijui ni maji ya kisima au ni zile nguo alizokuwa akifua. Sasa haina tofauti. Hospitali imejaa, wanalazwa sakafuni. Nimeamua kumwuguza hapa.

Amekataa maji ya debe langu. Nikamwambia nimeyachota wazi, askari ameona, kila mtu ameona, hayana siri tena. Akauliza kama wengine nao wamepata. Nikamwambia hapana. Akageukia ukutani.

Nimeyachemsha ya machimboni, nusu saa nzima, kwa mbao za kitanda cha akiba. Hayo ameyanywa.

Jumatatu, 7 Juni

Siendi kazini. Nimetuma neno kwamba mke wangu ni mgonjwa. Nakaa naye mchana kutwa nikimpepea kwa kipepeo cha ukindu. Akilala namtazama kifua. Nahesabu pumzi, kisha najikataza, kisha nahesabu.

Mimi mzima kabisa. Sijaumwa hata kichwa. Miezi miwili nimekunywa maji mazuri.

Alhamisi, 10 Juni

Nataka kuandika kila kitu kama kilivyokuwa, maana kesho nitaulizwa.

Kulikuwa na baraza juu ya ugonjwa. Mkubwa wangu alikuja, na mkubwa wake yeye kutoka ng'ambo, na chifu. Niliitwa nikatafsiri. Yule wa ng'ambo alisema ugonjwa huu unaletwa na uchafu. Watu wa huku hawanawi mikono, hawajengi vyoo vizuri, wanatupa taka ovyo. Kila nyumba isiyosafishwa kwa siku saba mwenyewe atashtakiwa. Nilitafsiri. Nimetafsiri maneno hayo yote mbele ya watu waliozika, na Bi Mwanakombo yuko safu ya mbele katika nguo za msiba wa mwanawe, mikono yake imepasuka kwa sabuni.

Alipomaliza nilikuwa nimebaki nimesimama. Jibu la maabara lilikuwa mfukoni. Nililitoa kwenye Biblia asubuhi. Sikuwa nimeamua. Nataka niseme ukweli hapa: nilipotoka nyumbani sikuwa nimeamua.

Nikalifungua nikasoma. Kwanza kwa Kiingereza kama lilivyoandikwa, na tarehe yake. Kisha kwa Kiswahili. Nikasema, "Maji ya Kijichoni yalikuwa safi tangu siku ile. Mimi nilijua. Nikaandika uongo, nikausoma hapa hapa, mkaniamini."

Hakuna aliyeguta. Nilitarajia mawe. Mkubwa wangu alininyang'anya karatasi. Yule wa ng'ambo akaichukua kwake, akaisoma, akaitia katika mkoba wake. Chifu akafunga baraza.

Sikumtazama Bi Mwanakombo. Niliziona kandambili zake tu zikinipita.

Ijumaa, 11 Juni

Nimeachishwa kazi. Nimerudisha sare, pasi, daftari, na baiskeli. Wamenihoji tangu asubuhi hadi saa tisa. Kosa langu ni kuchukua karatasi ya serikali na kuleta fitina. Kuhusu ripoti ya uongo hawakuuliza. Wamesema huenda nikashtakiwa, huenda nisishtakiwe, kutegemea nitakavyokaa kimya. Nairobi ndiyo basi.

Nimerudi kwa miguu kutoka kivukoni. Rahel joto lile lile.

Jumamosi, 12 Juni

Nimefunga virago. Nilidhani tutafukuzwa, na ingekuwa haki. Nimemwendea Bi Mwanakombo barazani kumwambia nitatafuta mkokoteni wa kumchukulia Rahel.

Alikuwa akichagua mchele. Hakuinua macho.

"Rahel hatoki hapa mpaka apone. Alimwosha mwanangu kwa mikono yake. Nawe kaa umuuguze. Ila usinisemeshe, Stefano. Mpaka Mungu atakapotaka."

Nikafungua virago.

Jumatano, 16 Juni

Lango la Kijichoni limefunguliwa kwa wenyeji. Kutoka alfajiri mpaka saa tatu, baada ya hapo ni maofisa. Tangazo lasema ni kwa hisani. Halikutaja kosa la mtu. Mkubwa wangu yuko pale pale kitini pake. Bwana afya mpya ni kijana wa bara, mpole, baiskeli yangu anayo yeye.

Wanawake walipita na mitungi mlangoni kwetu kabla jua halijatoka. Nilisikia miguu yao mingi. Mmoja alisimama akatua ndoo ya maji kizingitini kwa ajili ya Rahel, akaenda. Sikujua ni nani.

Nikamwambia Rahel wote wamepata. Alikuwa mbali sana, sijui kama alielewa. Lakini alikunywa.

Jumatatu, 21 Juni

Siku mbaya kupita zote. Ametoka damu kidogo. Baridi ya mikono. Mchungaji alikuja kutoka kanisani, akasali, akaniuliza kama nimepeleka habari kwao Kaloleni. Nimepeleka.

Sina maombi tena. Narudia jina lake.

Alhamisi, 24 Juni

Yu hai.

Jumapili, 27 Juni

Homa imeshuka asubuhi. Nimemgusa paji la uso nikadhani amekufa, kwa kuwa limepoa. Alifungua macho akasema ana njaa.

Nimetoka nje nikaenda nyuma ya choo, nikalia huko.

Jumanne, 6 Julai

Nywele zinamtoka kwa mafungu. Nimemnyoa. Amejishika kichwa akacheka kidogo, cheko la kwanza. Lakini nikimwita kwa nyuma hageuki. Nilidhani ni udhaifu. Leo nimepiga sufuria kwa kijiko nyuma yake. Hakushtuka.

Kulia hasikii kitu. Kushoto anasikia kama mtu akisema karibu kabisa, taratibu. Nimeyaona haya kwa wengine waliougua hivi. Kuna wanaorudiwa na masikio, kuna wasiorudiwa.

Amenitazama nikilia akauliza nimesema nini.

Jumamosi, 17 Julai

Nimepata kibarua. Naponda mawe machimboni. Karani wa huko alinijua, akaona haya badala yangu. Tumechimba vyoo vipya upande wa pili wa kilima, mbali na maji, vibarua na mimi, bila kuandikiwa na mtu. Siku tatu kwa sururu kwenye jabali. Mikono imechubuka yote.

Vibarua hawanichukii wala hawanipendi. Kuna mmoja ndugu yake ndiye yule wa kwanza aliyefia ng'ambo. Anafanya kazi kando yangu. Leo amenipa tumbaku, nami sivuti. Nimeipokea.

Bi Mwanakombo na mimi tunapishana mlangoni. Namsalimu moyoni.

Jumapili, 25 Julai

Rahel ametaka kutoka. Hajatoka nyumbani tangu mwezi wa tano. Akataka kwenda Kijichoni. Nilimwambia ni mbali, akashika fimbo.

Tulikwenda polepole, mapumziko mengi. Tulipoingia langoni ilikuwa bado kabla ya saa mbili. Ile njia ya kutembea, ya changarawe, ni sawa kabisa, haina mizizi ya kujikwaa. Kumbe ni nzuri kwa mtu asiye na nguvu. Wanawake nao wameshaizoea, wanapita na mitungi yao humo humo. Ilikuwa baridi ya kipupwe. Nyani walikuwa juu ya mbambakofi wakitupa maganda. Rahel alikuwa akiwatazama midomo inavyokwenda.

Kwenye kiti cha tatu alichoka. Tukakaa. Kilemba kilikuwa kimemteleza nikamfunga vizuri.

Bi Mwanakombo alitokea chini kwenye ngazi, mtungi kichwani. Alipofika kwetu akasimama. Akasema na Rahel.

"Waonaje hali, mwanangu?"

Rahel aliona midomo tu. Akageuka kunitazama. Bi Mwanakombo alingoja, mkono mmoja mtungini, macho yake ameyatia kwenye miti. Nikainama upande wa kushoto nikasema taratibu:

"Akuuliza waonaje hali."

"Nimepata nafuu, mama," akasema Rahel, kwa sauti kubwa kupita kiasi, ndivyo asemavyo siku hizi. "Ni miguu tu."

Bi Mwanakombo aliitikia kwa kichwa, mtungi haukutikisika. Akapiga hatua mbili. Akasimama tena akiwa ametupa mgongo.

"Mwambie asikae sana. Umande huu si mzuri."

Nikamwambia.